Alisema Mfungo Sita

Siku Kokuberwa alipokutana na Muntazir pale Mwenge, viganja vyake vyote viwili vilikuwa vyeusi tii, na gauni lake jeupe lilikuwa limeshaingia doa la tumboni. Wenzake wa ofisini, Kinondoni, walikuwa wamemtuma akanunue kinyago cha kumuaga bosi aliyekuwa anastaafu. Muuzaji alikuwa amemwapia viapo vyote kwamba kile ni mpingo mtupu.

"Sista, huo si mpingo," sauti ilisema nyuma yake. "Hiyo ni kiwi. Ya viatu."

Kokuberwa aligeuka. Aliyesema ni kijana wa Kihindi, mrefu, shati la rangi ya maziwa limekunjwa mikono, begani ana roli la turubai. Alikuwa anajikaza asicheke, na alishindwa.

"Kwa hiyo umesimama hapo unaniangalia napakwa kiwi?"

"Ningekwambia mapema usingeniamini."

"Mna roho mbaya nyie!"

"Sie akina nani?"

"Nyie wanaume wa Mwenge."

"Ah, hapo sawa. Nilidhani unataka kusema Wahindi."

Kokuberwa akacheka mpaka muuzaji naye akacheka, ingawa hela hakurudisha. Muntazir alimpeleka kwenye karakana ya baba yake, nyuma ya soko, walikokuwa wanashona maturubai ya malori na mahema. Akampa mafuta ya taa na sabuni ya kipande, akamshikia kopo la maji. Doa la gauni halikutoka, ila namba ya simu ilitoka.

Tangu hapo ikawa simu asubuhi, simu mchana, na jioni wanakutana Kinondoni kula mishikaki. "Koku wangu, umekula?" "Nimekula, wewe je?" "Mie nakungoja wewe." Maneno ya kawaida ya watu wanaopendana, ambayo mtu wa tatu akiyasikiliza anaona kama upuuzi. Kokuberwa alikuwa amekuja Dar kwa ajili ya kazi, akitokea Muleba, na alikaa Mtoni kwa shangazi yake, Auleria, mjane aliyemsomesha tangu alipofiwa na wazazi. Shangazi Auleria alikuwa na swali moja tu, na alilirudia kila Muntazir alipotajwa.

"Atakuja lini? Maana wale hawaoagi nje, mwanangu. Wanaoana wao kwa wao."

Swali hilo Kokuberwa alilifikisha. Jibu lilikuja kwa simu, mwezi wa Ramadhani, saa ambayo vyerehani vyote vya karakana vilikuwa vinanguruma.

"Koku, nisikilize! Tumwoze dada Tazim kwanza. Wazee wangu watakuja kwa shangazi Mfungo Sita!"

"Umesema lini?"

"Mfungo Sita, mama! Inshallah!"

Kokuberwa alitabasamu peke yake. Watu wa pwani wana mbwembwe, alijisemea. Kwa kuwa amefunga, basi kila mwezi kwake ni mfungo. Alipofika nyumbani akamwambia shangazi yake kwa maneno yake mwenyewe: wanakuja mwezi wa sita. Hakuuliza zaidi. Laiti angeuliza, mimi ningekuwa na hadithi fupi na ya furaha ya kuwasimulia.

Mwezi wa sita ukaingia. Shangazi Auleria alibadilisha mapazia, akanunua vikombe vipya, akapaka rangi ukuta wa sebule. Kila Jumamosi Kokuberwa aliwahi kusuka nywele. Muntazir alikuwa yule yule, mpole, mcheshi, mwingi wa "Koku wangu", na kuhusu wazee wake hakusema hata neno. Kisha, siku za mwisho za mwezi, ucheshi nao ukakatika ghafla. Simu zikapungua. Akiulizwa ana nini, anajibu, "Hakuna kitu, ni siku tu hizi," kwa sauti ya chini, nyuma yake watu wakisikika kama wanalia.

Mwezi ukaisha. Shangazi Auleria akakaa kitandani kwa Kokuberwa, akamshika mkono.

"Nilikwambia, hukusikia. Sasa sikia hili. Gozbert mtoto wa Muleba, mhasibu, mtu wa ibada, ameniuliza mara tatu. Wazee wake wako Dar, wanataka kuja Saba Saba. Niambie mwenyewe: waje au wasije?"

"Nipe mpaka hiyo Saba Saba, shangazi."

Basi Kokuberwa akapanga mtego wake. Loveness, mwenzake wa ofisini, alikuwa anakusanya watu wa kwenda Mbuga ya Mikumi wikiendi hiyo ya sikukuu: kuondoka Jumamosi, kurudi Jumatatu, kulala kambini, kuona simba. Kokuberwa aliona kwamba mwanaume akikaa na mpenzi wake mbele ya uwanda mkubwa namna ile, kama ana neno la kusema atalisema. Akampigia.

"Saba Saba tunaenda Mikumi, mie na wewe na kina Loveness."

Milio ya vyerehani ilififia, kama mtu aliyetoka nje na simu.

"Siku hizo, Koku? Siku hizo kweli?"

"Siku hizo hizo. Na usipokuja, Muntazir, usinipigie tena."

"Nitakuja," alisema, na kwa sauti ile ungedhani ameitwa kituoni.

Jumamosi alfajiri wote walifika kwenye gari wakiwa na fulana za njano alizochapisha Loveness. Muntazir alikuja amevaa nyeusi, shati jeusi, suruali nyeusi, hajanyoa ndevu. Macho yalikuwa mekundu.

"Braza, tunaenda mbugani au mazishini?" Loveness alimtania.

"Kote kuwili," alijibu, na hakutabasamu.

Loveness akacheka. Kokuberwa hakucheka. Alijivuta dirishani. Njia nzima simu ya Muntazir iliita, naye kila mara aliitazama na kuizima mlio. Karibu na Morogoro aliipokea mara moja tu, akaongea Kikachi, lugha ya kwao, kwa kunong'ona, na neno pekee ambalo Kokuberwa alilielewa ni "Ma". Alipomaliza, aliinamisha kichwa akakaa hivyo hivyo kwa muda mrefu.

Mbugani, dereva wao, Mwinjuma, alifungua paa la gari ili watu wasimame watazame. Twiga walikuwepo, pundamilia walikuwepo, na kwa mbali tembo watatu wakivuka nyasi kavu. Lakini mbung'o nao waliingia, na wote walikwenda kwa Muntazir.

"Nyeusi huku haifai, braza," Mwinjuma alisema. "Wanaipenda kuliko ng'ombe. Badilisha shati."

"Sitabadilisha."

"Watakumaliza."

"Waache."

Walimuuma shingoni na mikononi mpaka damu ikatoka, naye hakuwapiga. Kokuberwa alitoa fulana ya njano aliyomnunulia, akamwekea magotini. Muntazir aliikunja vizuri, akairudisha kwenye begi lake. Mbele kidogo waliwakuta tai wamejaa juu ya mzoga wa pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe, wakisukumana, wengine vichwa vimelowa. Wenzao walipiga picha kwa furaha. Kokuberwa alifumba macho, na moyo ukamwambia wazi kwamba katika safari hii kuna kitu kitakufa.

Jioni kambini ukawashwa moto, spika ikatoa singeli, nyama ikachomwa. Muntazir hakuja motoni. Alikaa kwenye kizingiti cha hema lake, ameshika chupa ya maji ambayo hakuifungua. Kokuberwa alimfuata, amevaa gauni lake la maua la kijani, hereni mpya, na manukato ambayo siku nyingine Muntazir asingeyaacha yapite bila neno.

"Una jambo la kuniambia?" alimuuliza.

"Si sasa, Koku."

"Nimekuleta huku ili uniambie."

"Najua kwa nini umenileta," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane kulikuwa na uchungu katika sauti yake. "Nimekuja, si nimekuja? Usinidai na kucheka pia."

Kokuberwa aliondoka hapo machozi yakimchuruzika. Karibu na mapokezi ya kambi ndiko simu ilikoshika vizuri. Akampigia shangazi yake, na hasira ikasema kabla yake.

"Shangazi. Waambie waje."

Vigelegele vya Shangazi Auleria vilisikika mpaka nje ya simu. Kokuberwa aliishika mbali na sikio lake. Alikuwa amefanya jambo ambalo hakulitaka, na alijua hivyo wakati ule ule.

Asubuhi ya Jumapili aliamka na jua. Hema la Muntazir lilikuwa wazi, viatu viko nje, mwenyewe hayupo. Mwinjuma alikuwa anapasha injini moto.

"Mtu wako katoka peku," alisema. "Kaelekea kule kwenye nyasi. Nilimwambia asivuke yale mawe meupe."

Alikuwa ameyavuka. Alisimama nje ya mpaka wa kambi, amewapa mgongo, nyasi zikimfika mapajani, simu ameishikilia sikioni, na kwa mkono wa pili alikuwa anajipiga kifuani taratibu. Mabega yalimtetemeka. Kokuberwa alitaka kumwita kwa nguvu, halafu akaona nyasi za upande wa kushoto zinacheza, wala upepo haukuwepo.

Lilikuwa dume la nyati, zee, la peke yake, pembe moja imevunjika. Lilikuwa limeinua pua.

Mwinjuma alimshika Kokuberwa mkono. "Usipige kelele," alinong'ona. "Akikimbia tu, kwisha." Akaenda kinyumenyume kumtafuta askari wa wanyama.

Kokuberwa alibaki peke yake na sauti yake. Akaitoa kwa utulivu, kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

"Munta. Ni mie. Usigeuke haraka. Nyati yupo kushoto kwako. Rudi nyuma, mguu mmoja, tena mmoja. Nipo hapa. Njoo kwenye sauti yangu."

Mabega yake yakakakamaa. Akaanza kurudi. Nyati alipiga hatua moja, akakoroma, vumbi likaruka puani. Muntazir alikanyaga mwiba, Kokuberwa akaona jinsi mwili wake ulivyoshtuka, lakini hakulia wala hakukimbia. "Njoo, mpenzi. Njoo, baba. Bado kidogo." Alipofika kwenye mawe, askari alikuwa ameshafika na bunduki, na nyati akasimama pale pale anawatazama, kama anayeweka sura zao moyoni.

Kokuberwa alimpiga Muntazir ngumi za kifua, moja baada ya nyingine, akilia.

"Unataka kufa? Umekuja huku ili ufe nikuone?"

"Leo Ashura, Koku."

"Ashura ndiyo nini?"

Muntazir alimtazama kama mtu aliyezibuliwa masikio. "Hujui?"

"Sijui nini?"

"Leo ndiyo siku aliyouawa Imamu Husseini, mjukuu wa Mtume. Siku hizi zote sie Mashia tuko msibani. Hatucheki, hatuvai vipya, na leo hatuli mpaka alasiri. Mama yangu yuko msikitini, ananiulizia kwa kila mtu. Nimemwambia nina kazi Morogoro. Nimemdanganya mama yangu siku ya Ashura, nimekaa kwenye singeli. Nilikuwa nasikiliza ibada kwenye simu. Sikuweza kuisikilizia kambini."

"Si ungeniambia, Muntazir!"

"Nilidhani unajua! Ulisema nisipokuja nisikupigie tena. Nikadhani umechagua siku hizi kwa makusudi, unipime, wewe au dini yangu. Nikachagua wewe, na tangu jana najichukia."

"Mie nilichagua sikukuu," Kokuberwa alisema polepole. "Saba Saba tu. Nilitaka uniambie unanioa. Ulisema wazee wako watakuja mwezi wa sita. Mwezi umepita."

"Mwezi wa sita? Mie nilisema Mfungo Sita."

"Si ndiyo huo huo?"

"Koku." Alimshika mabega. "Mfungo Sita ni mwezi wa Maulidi, wa sita tangu Ramadhani iishe. Sasa hivi tuko Mfungo Nne. Huu na ujao kwetu hakuna harusi wala posa, ndiyo maana nikataja wa sita. Mama alishakubali. Alilia wiki nzima, halafu akakubali. Na kitenge cha kumletea shangazi yako kimeshanunuliwa."

Kokuberwa akakaa chini kwenye vumbi na gauni lake. Mfungo Nne, Mfungo Sita. Neno moja ambalo mama ntilie yeyote wa Mtoni angemfafanulia huku anageuza chapati.

"Nimeshawaambia waje," alisema.

"Akina nani?"

Akamweleza yote. Damu ya mwiba ilikuwa inamtoka Muntazir unyayoni, naye hakuiangalia.

Shangazi alipopigiwa simu, jibu lake lilikuwa fupi. "Nimeshatoa neno kwa watu wazima. Kama una lingine, utakuja kulisema mwenyewe mbele yao."

Gari la kina Loveness lilikuwa halirudi mpaka kesho yake. "Twende barabarani," Kokuberwa alimwambia Muntazir. "Upate basi, umuwahi mama yako hata jioni." Wakasimama ukingoni mwa barabara kuu inayokata mbuga, na basi lililowabeba lilikuwa na mwendo wa kutisha. Lilipita pembeni ya swala aliyegongwa, bado anapiga miguu. Abiria mmoja alisema, "Maskini," basi likaendelea. Walikaa wameshikana mikono, wamependana kuliko jana, na hakuna aliyethubutu kusema yatakwisha vipi.

"Kesho usije Mtoni," alimwambia walipoachana stendi. "Hayo ni yangu."

Kesho yake sebule ya Shangazi Auleria ilijaa. Mzee Benson, baba mkubwa wa Gozbert, alikaa kiti cha mbele na koti lake la kijivu. Gozbert mwenyewe alikuwa na suti ya bluu iliyopigwa pasi vizuri na aibu ya mtu mwema. Senene waliokaangwa walikuwa mezani, soda ziko kwenye ndoo ya barafu. Kokuberwa aliitwa kutoka chumbani, akapiga magoti, akaamkia wote. Mzee Benson akauliza lile swali ambalo kila binti huulizwa siku kama hiyo.

"Binti yetu, kijana huyu unamfahamu?"

"Namfahamu, baba."

Vigelegele vikapasuka chumba kizima. Kwa jibu hilo shughuli huwa imekwisha. Kokuberwa alinyanyua mkono, wakadhani anafurahi, wakazidisha. Ikabidi asimame na kupaza sauti.

"Namfahamu, ni mtu mzuri, na sitaolewa naye! Nisameheni. Niliwaita kwa hasira. Kosa ni langu, si la shangazi."

Vigelegele vikakatika. Gozbert aliangalia viatu vyake. Hapo hapo mlango ukagongwa, na kila mtu akaona mlangoni amesimama kijana wa Kihindi, nguo nyeusi tupu, mguu mmoja umefungwa bendeji.

"Mungu wangu," Shangazi Auleria alisema. "Nyeusi, siku ya posa!"

"Shikamooni," Muntazir alisema.

Mzee Benson hakuitikia. Alimpima kwa macho, kisha akamgeukia Kokuberwa. "Ni huyu?"

"Ndiyo, baba."

"Basi nimuulize yeye, ili nikirudi nyumbani nijue tumeshindwa na nani. Kijana, umekuja kuposa?"

Kokuberwa alimtazama Muntazir. Akaona kifua kinapanda, midomo inafunguka, akajua anakwenda kusema ndiyo. Angesema ndiyo, msibani, mbele ya watu, kwa ajili yake, kama alivyovuka yale mawe, kama alivyomdanganya mama yake. Na ndoa yao yote ingekuwa na siku hiyo ndani yake.

"Hapana," Kokuberwa alisema kabla yake. "Hajaja kuposa."

"Koku," Muntazir alisema.

"Hajaja kuposa, baba. Leo hakuna aliyekuja kuniposa ila nyie, na nimewakataa."

Watu wakanong'ona. Mzee Benson akachukua fimbo yake, akatikisa kichwa, akatoka. Gozbert alipita karibu na Kokuberwa akasema, "Mungu akusaidie," na hakusema kwa ubaya. Gari lao lilipoondoka, majirani walikuwa wamejipanga barazani kwao wakitazama.

Shangazi Auleria alikaa kwenye kiti cha Mzee Benson. Alionekana amezeeka kwa saa moja.

"Alikwambia lini hasa atakuja? Neno lenyewe, kama alivyolitamka."

"Mfungo Sita."

"Mfungo Sita!" Shangazi akashika kichwa. "Nimekaa na Wazaramo hapa Mtoni tangu hujazaliwa! Kwa nini hukuniambia neno lenyewe, ukaniletea tafsiri yako?" Akamgeukia Muntazir, bado yuko mlangoni, machozi yanamtoka wazi. "Na wewe. Maulidi yakipita hujaonekana, usilijue lango hili maisha yako yote. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

"Nenda kwa mama yako."

Akaenda. Kokuberwa hakumsindikiza. Alisimama dirishani mpaka shati jeusi lilipokata kona ya Kilwa Road, mguu mmoja ukichechemea.

"Mama yake anaweza kubadilisha mawazo," Shangazi Auleria alisema nyuma yake, alipokwisha kusimuliwa habari ya Ashura na Mikumi, safari hii bila hasira. "Umemwibia mwanawe siku ya msiba. Mie ningebadilisha."

"Najua, shangazi."

"Na asipokuja?"

Kokuberwa alianza kukusanya vikombe vipya, vingi havikuguswa.

"Asipokuja nitalia," alisema. "Lakini sitamwita mtu mwingine kwa hasira tena."